Masega Mapya ya Gari la Baba

Jumamosi, 1 Novemba

Gari limefeli ukaguzi. Mkaguzi, mtu mwenye masharubu manene na subira nyembamba, aliingiza kioo chake chini ya gari, akakitazama, akacheka. Akaniuliza masega yako wapi. Nikasema yapo. Akasema pale pana bomba tupu, tena limefungwa kwa waya wa kuanikia nguo. Nikasema basi yameibiwa. Akauliza lini. Nikasema leo asubuhi. Akapitisha kidole kwenye bomba, akanionyesha kutu. Kutu ya miaka miwili!

Wakaguzi wengine wawili wakaitwa waje kuiona.

Niandike ukweli humu, maana Itidal haisomi shajara hii. Anasema mwandiko wa mumewe unamtia kizunguzungu. Masega hayakuibiwa. Niliyauza. Mwaka juzi wanunuzi wa vyuma walizunguka mitaa yote ya Amman wakiulizia lile kopo la chini ya gari linalosafisha moshi, kwa kuwa masega yaliyo ndani yake yana madini ya thamani. Nikawakatia la baba. Nikanunua kware arobaini nifuge. Wakafa wote kwa baridi ya kwanza.

Leseni ya gari inaisha Alhamisi, tarehe kumi na tatu. Na Ijumaa yake nampeleka baba kuchuma zeituni kwenye shamba lake, huko juu Ajloun. Kila mwaka mwana mkubwa humpeleka, kwa gari hili hili alilolinunua mwenyewe akiwa na nguvu zake. Mwana mkubwa ni mimi. Daktari ametuambia, mimi na mdogo wangu, kwamba kifua cha baba hakitaona mavuno mengine.

Mvua. Chai imepoa.

Jumapili, 2 Novemba

Nayef amepiga simu. Mdogo wangu huyu ni daktari wa meno. Gari lake linatumia umeme na halitoi sauti. Unageuka, unamkuta yuko nyuma yako kama deni. Alikwisha kusikia habari za ukaguzi. Kwa nani? Kwa Itidal!

Akasema, kwa ile sauti anayotumia kabla ya kung'oa, kwamba nisijisumbue, kaka, mzee atampeleka yeye. Viti vya gari lake vina joto. Viti vyenye joto! Baba amelima miaka sitini, hajawahi kupashwa makalio na umeme. Nikamwambia gari liko salama salimini, ni karatasi tu. Akasema vizuri, basi Ijumaa ya tarehe kumi na nne, saa moja asubuhi, baba atakuwa langoni. Ikifika saa moja na nusu sijafika, wataondoka.

Baba anaishi kwake kwa sababu kuna lifti. Aliwahi kuishi kwangu siku tisa. Zilikuwa siku za kware.

Jumatatu, 3 Novemba

Nimekwenda Bayader, mtaa wa magereji, kwa Fundi Hagop. Ni Mwarmenia. Marehemu baba yake ndiye aliyetengeneza lori la kwanza la baba yangu. Hagop alikaa chini ya gari muda mrefu. Nilidhani amelala. Alipotoka, hakuuliza lolote kuhusu masega. Aliuliza injini inakunywa oili kiasi gani. Nikasema kama injini yoyote yenye adabu. Akafungua plagi, akazipanga mezani. Nyeusi kama machicha ya kahawa.

"Abu Tahsin," akasema, "injini yako inakula oili, na plagi hii ya tatu hailipui sawasawa. Tibu hilo kwanza. Ukifunga masega mapya hapo, petroli mbichi itakwenda kuungulia humo ndani. Yatawaka kama tanuri, yatayeyuka."

Nikauliza itachukua muda gani. Wiki tatu, kwa kuwa lazima afungue injini yote abadilishe ringi za pistoni. Nikamwambia nina siku kumi. Akasema angalau plagi, basi, na masega ya kawaida yanayolingana na bomba. Wala si makubwa. Akarudia: si makubwa, Abu Tahsin.

Nikamwambia nitafikiri. Sikufikiri.

Jumanne, 4 Novemba

Ugunduzi!

Nilikaa na simu tangu kifungua kinywa, ful, maharage yangu ya asubuhi, ikagandia bakulini. Kumbe kuna masega ya namna nyingine kabisa, ya magari ya mashindano. Vitundu vyake ni vichache na vikubwa, kuta zake ni za bati jembamba, na moshi hupita bila kupiga hodi. Gari linapata nguvu. Mtu mmoja wa Kuwait ameandika kwamba lake limezaliwa upya.

Hesabu yangu ni hii. Moshi ukipita vizuri, injini itapumua. Injini ikipumua, itapona. Ikipona, ringi za nini? Hagop anatibu kuanzia kichwani. Mimi nitatibu kuanzia mkiani.

Nikamweleza Itidal. Akasema hivyo ndivyo nilivyotibu kila kitu tangu anioe. Nikamsahihisha kwamba mimi ndiye niliyemuoa. Akasema ndiyo, na hilo pia.

Halafu kuna kile kilima baada ya mji wa Jerash, njiani kwenda Ajloun. Mwaka jana Nayef alitupita pale, akapunga mkono. Baba alitazama dirishani, hakusema neno. Neno hilo ambalo hakulisema nimelisikia mwaka mzima.

Jumatano, 5 Novemba

Soko la vipuri. Muuzaji anaitwa Abu Saqr, ana jino moja la dhahabu na jibu kwa kila swali. Akauliza bomba langu ni inchi ngapi. Mbili. Akasema anayo ya kupitisha moshi kwa wingi ya inchi mbili, na pia ya inchi tatu. Nikachukua ya tatu. Mwenye akili akipewa nafasi ya kuchagua, kwa nini achague kidogo?

Akaniambia halisi hujulikana kwa mambo mawili: mshale uliochorwa kwenye kopo, na namba ya kiwanda. Mshale upo. Namba nayo ilikuwepo, ila ilikuwa stika, ikabaki kwenye kidole gumba changu. Abu Saqr akasema hiyo ni dalili ya upya.

Fedha haikutosha, nikamwongezea ile mashine ya kuangulia mayai ya kware. Akaipokea kwa furaha. Nikajisikia mshindi. Njiani nikaanza kujiuliza amefurahia nini.

Jumamosi, 8 Novemba

Siku ya kufunga. Hagop amekataa! Alilitazama kopo, akalitazama bomba, akanitazama mimi, kwa mpangilio huo. Akasema hilo ni sufuria, si masega. Akasema bado yuko tayari kubadilisha plagi, sasa hivi, bila malipo, kwa heshima ya mzee. Lakini kitu hiki hataki kisemwe kimefungwa gereji kwake.

Nikaondoka na heshima yangu. Na plagi zangu.

Nikaenda kwa Abu Lafi, mchomeleaji wa mageti karibu na nyumbani. Hajawahi kugusa gari, lakini chuma ni chuma. Tukapiga jeki. Nikalala chini mwenyewe nikishikilia kopo, maji ya mvua yananitiririkia sikioni. Akauliza mshale uelekee wapi. Nikasema mbele, bila shaka, kule gari linakokwenda! Akachomelea. Akamaliza. Akawasha sigara. Hapo ndipo nilipokumbuka kwamba moshi hauendi mbele, unakwenda nyuma.

Akakata. Akachomelea upya. Alinitukana kwa upole, kama mtu anayesoma gazeti.

Kopo ni nene mno, kwa hiyo lile bati la kukinga joto chini ya sakafu halikuingia. Tumelitupa. Abu Lafi ametengeneza nalo mguu wa kiti. Kopo lenyewe linaning'inia chini, na kila tuta la Amman linagonga hodi.

Lakini sauti! Nilipowasha, gari liliunguruma kama simba mwenye mafua. Nilijiona nina miaka thelathini. Hilo lilidumu hadi tuta la kwanza.

Jumapili, 9 Novemba

Nimerudi kwenye ukaguzi. Foleni ya saa mbili. Nikazima injini kubana petroli. Nikafeli.

Mkaguzi yule yule. Akaeleza, polepole, kwamba masega hayasafishi moshi mpaka yawe yamepata moto, na ya kwangu ni baridi kama pua ya mbwa. Akasema niyapashe kwanza, kama mkate. Wenzake wawili wakaja kuangalia tena. Mmoja alikuja na chai yake.

Jumatatu, 10 Novemba

NIMEFAULU!

Nilikwenda na kurudi barabara ya uwanja wa ndege kwa saa nzima, mguu umekandamiza pedali, nikaingia kwenye ukaguzi bado ninaunguruma. Mtambo ukasoma. Tumepita kwa unywele. Mkaguzi akagonga muhuri huku ameziba pua. Akasema gari linanuka mayai viza. Nikasema ni upya.

Nikampigia baba mwenyewe. Sauti yake ilikuwa ndogo, kama inatoka chumba cha pili.

"Gari langu zima?"

"Zima, baba. Kuliko wewe."

Kwa nini nilisema vile? Kisha akacheka, na kicheko kikageuka kikohozi, na kikohozi kikawa kirefu, mpaka Nayef akachukua simu akasema tutaonana Ijumaa, kaka.

Alhamisi, 13 Novemba

Taa ya manjano imewaka kwenye dashibodi. Nimebandika plasta juu yake. Sasa haiwaki.

Itidal amesema haendi Ajloun ndani ya yai viza. Amefunga mkate, jibini, chupa ya chai ya majani ya maramia, akaniambia nimvalishe mzee joho lake la manyoya na nisimvue hata tukifika. Akarudia mara mbili. Ananiona mtoto.

Jioni, Hagop kapiga simu. Yeye mwenyewe! Akauliza kama nimebadilisha plagi. Nikasema ndiyo. Akasema alhamdulillahi, akakata. Yeye ni Mkristo, lakini alisema hivyo kwa ajili yangu. Sijui kwa nini nilimdanganya mtu ambaye hakuniomba chochote.

Gari likisimama kwenye taa za barabarani linatetemeka kama lina homa. Hiyo ni nguvu, inatafuta pa kutokea.

Ijumaa, 14 Novemba

Ninaandika kwa mkono wa kushoto. Wa kulia umeungua.

Nilifika saa moja kasoro kumi. Baba alikuwa langoni tayari, amevaa joho, ana fimbo, ana mfuko wake wa turubai wa kuchumia. Alikuwa mdogo ndani ya joho lile. Akagonga bodi ya gari kwa fimbo, mara mbili, kama anavyomsalimu punda. Akapanda mbele. Nayef akasema atatangulia akafungue lango la shamba, tuswali Ijumaa kijijini, halafu tuchume. Akaondoka bila sauti.

Baba akauliza harufu gani. Nikasema mashamba. Tulikuwa bado mjini.

Mpaka Jerash, sawa. Baada ya Jerash barabara inapanda. Nikakanyaga. Hakuna kitu. Nikakanyaga mpaka mwisho. Gari lilikuwa kama mtu anayepumua kupitia mto wa kulalia. Gia ya nne, ya tatu, ya pili. Lori la kuku likatupita. Kuku wote walinitazama.

Baba akasema miguu yake imepata joto leo, na hilo ni jambo la heri. Nikafurahi. Nikafikiri, hivyo viti vya Nayef vina nini? Kisha zulia chini ya viatu vyake likaanza kutoa moshi.

Nikasimama pembeni. Kwenye majani makavu! Mvua ya juma zima, na mimi nikapata majani makavu chini ya ukuta wa mawe. Nikainama. Kopo lilikuwa jekundu kama kaa la jiko. Majani yakashika. Nikamtoa baba haraka, nikamvua joho, nikapigia moto kwa joho. Nikamwaga maji ya kunywa, nikamwaga chai yote. Kopo likalia tsaaa, likapasuka. Moto ukazimika. Joho likawa limeungua toka mgongoni mpaka ukosini.

Alilinunua Damasko mwaka alipozaliwa Nayef.

Nikampigia Nayef. Kule juu hakuna mtandao. Upepo. Nikampa baba koti langu, likampwaya, tena ni jembamba. Nikamwambia aingie garini. Akasema gari linanuka.

Akaanza kutembea. Kulikuwa na shamba la zeituni ng'ambo ya ukuta, mahali ulipobomoka. Akapita hapo, akakaa juu ya jiwe, akavuta tawi, akaanza kuchuma na kutia mfukoni mwake. Moja moja. Mikono yake ilikuwa inajua kazi.

Nikamwambia baba, hii si yetu. Nilidhani amepotewa na akili.

"Najua si yetu," akasema. "Mimi mzee, si kipofu. Nayef akija mwambie tulifika."

Nikashika tawi.

Mwenye shamba akaja, mwanamke mnene mwenye buti za mvua, na ndoo mkononi. Akaona mzee anamwibia zeituni. Akaona mtu mwenye masizi usoni. Akaliona gari. Nikaanza kueleza, nikaanza na Kuwait. Akaniambia ninyamaze. Akamuuliza baba hali, akamwita Haji, akarudi nyumbani kwake na blanketi, mkate wa moto na mtindi mzito. Kisha yeye mwenyewe akaliinamisha tawi la juu, akalishikilia, ili baba alifikie. Alilishikilia muda mrefu. Jina lake Umm Qusay. Sikumshukuru vizuri.

Nayef alitupata baada ya saa moja na nusu. Alitazama joho. Alitazama chini ya gari. Baba akamwonyesha mfuko, akasema tumechuma. Nayef akaingiza mkono, akatoa zeituni moja, akaigeuza. Shamba letu ni la zile ndogo nyeusi. Hizi zilikuwa kubwa, za kijani. Mtoto wa mkulima yeyote angejua.

Akasema, mwaka huu zimenenepa, baba.

Akampandisha kwenye gari lake. Kabla mlango haujafungwa, baba alikuwa amelala. Mimi nikabaki kungoja gari la kuvuta.

Jumapili, 16 Novemba

Baba yuko hospitali. Baridi imeingia kifuani. Amewekewa hewa puani. Daktari amesema asipandishwe milimani tena, si mwaka huu, si mwaka ujao, kama kuna mwaka ujao. Shamba, Nayef atakodi watu walichume.

Nayef hakunilaumu. Tulikaa kwenye korido, akakata mkate wake wa falafel katikati, akanipa nusu kubwa. Afadhali angenipiga.

Fundi Hagop alikuja na machungwa. Baba akamuuliza, kwa ile sauti ya chumba cha pili, gari lake lilipatwa na nini. Hagop akanitazama. Alinitazama mpaka nikayahesabu machungwa yote, yalikuwa tisa. Kisha akasema, "Uzee tu, Haji. Sote tutafika huko." Baba akaridhika.

Nikaenda chooni nikafungua bomba la maji ili wasinisikie.

Itidal amezipondaponda zeituni za Umm Qusay, ametia chumvi na ndimu. Zimejaa chupa moja, ndogo. Baba ameuliza zitaiva lini. Wiki sita, amemwambia. Wiki sita ni nyingi, akasema baba.

Jumatano, 19 Novemba

Baba amerudishwa kwa Nayef. Analala amekaa, amezungukwa na mito. Leo aliniita Nayef mara mbili, na mara moja akaniita kwa jina la ndugu yake aliyekufa. Niliitika yote.

Nimepita kwa Hagop, ambako gari limevutwa. Amelipasua kopo kwa msumeno ili nione. Ndani hamna masega. Kuna donge moja jeusi linalong'aa, limeziba kila kitu, kama sukari iliyoungulia sufuriani. Akaniwekea mikononi. Lilikuwa zito.

"Hii ni kazi ya injini yako, Abu Tahsin. Si ya kopo. Hata ungefunga kopo la mfalme." Akasema ataifungua injini. Wiki tatu, plagi, ringi, halafu masega ya kawaida, inchi mbili. Malipo tutayazungumza siku nyingine. Akauliza kama sasa nimeelewa.

Nimeelewa. Nimekaa na donge lile mapajani mchana kutwa, nimeelewa kabisa. Kopo moja halikutosha! Kopo moja lilibeba peke yake kazi ya mawili. Yakifungwa mawili, moja nyuma ya jingine, la kwanza litachoma petroli mbichi, la pili litapumua kwa raha. Hagop, pamoja na wema wake, si mtu wa mawazo.

Baada ya mvua hizi maua ya mwituni huchanua njia yote ya Ajloun. Daktari amesema milima hapana. Lakini daktari hajui kwamba nitamshusha kwa lifti nikiwa nimembeba, hana uzito tena, nilimwinua jana kumrekebishia mito nikashtuka. Nitamfunika blanketi mbili. Tutakwenda polepole, atatazama maua dirishani, tutarudi. Nayef hahitaji kujua.

Wiki tatu za Hagop siwezi kungoja. Plagi zinaweza. Baba hawezi.

Nimempigia Abu Saqr. Anayo mawili yanayofanana, ya inchi nne.